Mkono Uliouzima Moto wa Dampo

Naanza kwa kukiri, maana nikichelewa nitaanza kutafuta maneno ya kujipamba: mimi ndiye niliyeuzima moto wa dampo. Sikusukumwa na mtu, sikuwa nimelewa, wala mkono haukuteleza. Niliuzima kwa mkono huu wa kulia, mchana kweupe, mbele ya watu kama themanini hivi, ili dunia isizidi kupata joto. Na walinipigia makofi. Kuna mama mmoja alitoa machozi kabisa.

Sasa tuelewane. Dampo letu liko mwisho wa barabara ya lami, pale ambapo lami yenyewe inaonekana imechoka. Kila siku malori arobaini yanapita kwenye mizani, yanapanda kilima, yanamwaga, yanashuka. Kile kilima si kilima. Ni maganda, nepi, majani ya chai, vyakula vilivyolala, magodoro, miaka ishirini ya mji mzima kutupa bila kuangalia nyuma. Vitu vikioza huko chini kabisa, ambako hewa haifiki, vinatoa gesi. Gesi yenyewe huioni, na wala hainuki. Kinachonuka ni wenzake inaotoka nao. Basi wakaja mafundi, wakachimba visima, wakazamisha mabomba yenye matundu, mabomba yote yakakutana kwenye bomba moja la chuma lililosimama kama mlingoti wa bendera, urefu wa watu wawili na nusu. Juu yake ukawashwa moto. Gesi inapanda, moto unaila. Hiyo ndiyo mashine nzima.

Kile kiwashio chake cha umeme kiliharibika wiki ya tatu. Barua ya kuomba kingine iliandikwa, na mpaka leo tunasubiri majibu. Wakati tunasubiri, kazi ya kiwashio alipewa mtu: shemeji yangu, kaka yake mke wangu, ambaye dampo zima linamwita Kibiriti.

Kibiriti ni mrefu, mwembamba, hana maneno mengi. Kazi yake ilikuwa moja tu, kuhakikisha moto unawaka. Upepo ukiuzima, yeye anauwasha. Alikuwa na fimbo ndefu ya chuma, ncha yake imefungwa tambara lililolowekwa mafuta ya taa, na alikuwa na utaratibu wake: funga koki, fungua robo, hesabu mpaka kumi, simama upande unakotokea upepo, nyoosha fimbo. Ukihesabu mpaka nane haushiki. Ukihesabu mpaka kumi na tano unarudi nyumbani huna nyusi. Na kila saa aliandika kwenye daftari la kaunta: "Unawaka." Au: "Umezimika, nimeuwasha." Hilo daftari hakuna aliyewahi kuliomba alisome. Alikuwa anaandika tu, kwa mwandiko wa mtoto anayeogopa mwalimu.

Mimi ndiye ofisa mazingira wa dampo. Nina stashahada, iko ukutani, ina muhuri. Niulize kuhusu nzi, panya, vyoo, maji machafu, nitakujibu mpaka uombe kwenda nyumbani. Ila somo la gesi na joto la dunia lilifundishwa Ijumaa moja, saa nane mchana, na Ijumaa hiyo hiyo mimi nilikuwa kwenye basi naenda kwa kina mama watoto kujitambulisha. Aliyenifungulia mlango alikuwa Kibiriti. Kwa hiyo siku niliyokosa kujuana na methani ndiyo siku niliyojuana na shemeji. Sijutii ndoa yangu hata kidogo. Naeleza tu ratiba ilivyokuwa.

Kichwani mwangu, basi, jambo lilikuwa jepesi. Dunia inapata joto. Moto unatoa joto. Punguza moto. Hesabu gani hapo inamshinda mtu mwenye stashahada?

Chanzo kilikuwa Mwalimu. Huyu ni mwalimu mstaafu wa historia, nyumba yake inatazamana na uzio wetu, na tangu astaafu amebaki na darasa moja tu la kulisimamia, nalo ni dampo. Alikuja ofisini na watu kumi nyuma yake.

"Bwana Mazingira," akaniambia, "kila siku redioni mnatuambia tusichome taka, tusikate miti, tupunguze moshi. Halafu nyinyi wenyewe mmewasha jiko juu ya mlingoti, mchana na usiku, na halipiki chochote! Mnampikia nani?"

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu kwa kweli lilikuwa swali zuri. Na kwa sababu sikuwa na jibu lake.

Ningeweza kusema, "Ngoja niulize." Maneno mawili. Badala yake nilimwangalia Mwalimu, nikawaangalia wale kumi, nikasema, "Tutalishughulikia."

Meneja wetu alilipenda wazo hilo kuliko nilivyotegemea. Meneja ni mtu mzuri, anavaa shati lililopigwa pasi hata kwenye dampo, ila ana ugonjwa mmoja: akiona wazo, anaona sherehe. Wiki ile ile yakakodiwa maturubai na viti vya plastiki, akaitwa mpiga picha. Meneja akashika kipaza sauti, akatangaza kwamba dampo letu limeamua kuacha kuichemsha dunia. Mimi nikaenda kwenye koki.

Kibiriti alikuwa amesimama pale pale, fimbo mkononi.

"Shemeji," akaninong'oneza, "ukifunga hii, gesi itajaa chini."

"Nafunga moto ufe, bomba lipoe, halafu nafungua tena. Gesi itatoka yenyewe."

"Itatoka wapi?"

"Juu. Hewani. Bila moto, bila moshi. Safi."

Akaufikiria moto wake, akanitazama. "Lakini si ilikuwa inaliwa?"

"Shemeji, wanapiga picha."

"Haya," akasema, akasogea pembeni.

Nikafunga. Moto ukatetemeka mara moja, ukafa. Makofi. Yule mama akatoa machozi. Baada ya dakika kumi bomba likapoa, nikafungua koki yote, na gesi ikaanza kwenda zake juu, polepole, bila kumsumbua mtu. Hata Mwalimu alikiri kwamba kwa mara ya kwanza dampo limemsikiliza mwananchi.

Nilivikwa kilemba cha ukoka, nami nikakivaa na kujitazama kwenye kioo. Nikapewa tuzo ya mfanyakazi bora wa mazingira, ya kioo, ina jani la kijani katikati. Picha yangu ikatundikwa kwenye korido ya ofisi. Kisha zikachapishwa kalenda elfu mbili zenye picha ya mkono wangu umeshika koki, na chini yake maneno: MKONO UNAOIPOZA DUNIA. Mke wangu alitundika moja sebuleni na nyingine akampelekea mama yake. Nikawa nikinyoosha mkono kuchukua chumvi mezani, anasema, "Angalieni, mkono unaoipoza dunia unataka chumvi." Nyumba nzima inacheka. Mimi nachekea moyoni, nimevimba kichwa kama andazi.

Na Kibiriti? Hakuna aliyemwambia aache kazi, kwa hiyo hakuacha. Aliendelea kuja saa kumi na mbili asubuhi, anakaa kwenye kigoda chake chini ya mlingoti usiokuwa na moto, fimbo magotini, anaandika kwenye daftari kila saa. Nikipita namtania, "Vipi mkuu wa zimamoto?" Yeye ananiitikia, "Salama, shemeji." Sikuwahi kuuliza anaandika nini.

Ikapita miezi mitano.

Ndipo akaja Mama Kipimo. Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho alichovaa shingoni, lakini nani alikuwa na muda wa kusoma? Alikuwa mama wa makamo kama mimi, mabuti ya mpira, kofia ya jua, na kidude cha manjano chenye mrija mrefu. Wale waliotujengea mabomba ndio waliomtuma akague. Meneja akanipa kazi ya kumtembeza, na akaniambia nisisahau kumpitisha kwenye korido.

Nilimpitisha. Aliiangalia picha yangu muda mrefu. Nikadhani amevutiwa.

Tukapanda kilimani. Kile kidude kilikuwa kinalia kidogo kidogo, kama kifaranga. Tulipokaribia mlingoti kikaanza kulia kama ambulensi.

"Kimeharibika?" nikauliza.

"Hapana," akasema. "Hiki kizima. Moto uko wapi?"

"Tuliuzima," nikasema, na Mungu anisamehe, nilisema kwa tabasamu. "Kupunguza joto la dunia."

Alivua kofia, akaivaa tena. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, "Baba, una shuka nyumbani?"

"Ninalo."

"Na blanketi?"

"Lipo."

"Basi sikiliza. Jua linaleta joto, ardhi inalipokea na kulirudisha juu. Hizi gesi zinalizuia lisitoke, kama vile mtu aliyejifunika. Hewa ukaa, ile ya moshi wa magari na mitambo, ni shuka. Nyepesi, lakini inakaa juu mamia ya miaka, na kila siku tunaongeza shuka jingine juu ya shuka. Kwa wingi wake ndiyo inayoongoza kutupa joto. Inayofuata ni hii yako inayotoka hapa, methani. Hii ni blanketi. Haikai sana, miaka kumi na kidogo hivi, lakini kwa muda inaokaa inakutoa jasho. Ukipima kwa miaka ishirini, kilo moja ya methani inashika joto zaidi ya mara themanini ya kilo moja ya hewa ukaa."

"Na ikiungua?" nikauliza.

"Ikiungua inageuka kuwa hewa ukaa na mvuke wa maji. Unavua blanketi, unajifunika shuka. Ndiyo maana waliweka moto."

Nikaangalia juu ya bomba. Hakukuwa na kitu, na hicho ndicho kilichonitisha. Miezi mitano hakukuwa na kitu.

"Halafu," akaendelea, akionyesha lundo la friji mbovu karibu na mizani, "zile mnazozikata ili kutoa shaba, gesi yake mnaipeleka wapi?"

"Huwa inatoka yenyewe. Inafanya psss."

"Hilo sasa ni godoro, baba. Nyingine zinapita mara elfu."

Tulishuka. Ofisini kwa Meneja alieleza upya habari zote za shuka na blanketi, kisha akasema jambo moja: anarudi baada ya wiki mbili, na asipokuta moto unawaka, mradi wa gesi unafungwa, mabomba yanang'olewa. Akauliza, "Nani alitoa amri ya kuuzima?"

Nilifungua mdomo. Nakula yamini, nilifungua. Kilichotoka ni kikohozi.

Meneja, ambaye siku ile alikuwa amesimama kushoto kwangu na kipaza sauti, akasafisha koo. "Mwangalizi wa moto yupo. Ngoja aitwe."

Kibiriti akaja, akavua kofia mlangoni.

"Kazi yako hapa ni nini?" Meneja akauliza.

"Kuwasha moto."

"Unawaka?"

"Hauwaki."

"Kwa nini?"

Kibiriti alinitazama. Alinitazama kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi, kama anavyosubiri gesi ipande. Nilikuwa bado nakohoa.

"Upepo," akasema.

"Upepo wa miezi mitano?"

"Ulikuwa mkali, bosi."

Mama Kipimo aliinamia makaratasi yake, akaandika. Sijui aliandika nini, ila nilimwona akitikisa kichwa. Jioni ile Kibiriti alipewa barua: amefukuzwa kwa uzembe, na asikanyage ndani ya uzio. Jumba bovu lote likamwangukia yeye.

Nilimfuata kwake kesho yake mchana. Alikuwa uani anachonga mpini wa jembe.

"Shemeji, kwa nini hukunitaja?"

"Ungejitaja mwenyewe, si ulikuwepo?"

Nikatafuta mzaha, sikuupata.

"Nikikutaja," akaendelea, bila hata kunung'unika, "anayekula hasara ni dada yangu na wanawe. Mimi niko peke yangu. Ila nataka nikwambie kitu kimoja. Kufukuzwa hakuniumi sana. Kinachoniuma ni kuitwa mzembe. Miaka sita sijawahi kuuacha moto ufe dakika ishirini." Akaingia ndani, akatoka na lile daftari. "Kaa nalo. Mimi nikikaa nalo nitakuja kulionyesha watu siku nimekasirika. Na usilichome, utaongeza shuka."

Alitabasamu kidogo. Ndio mzaha pekee niliowahi kumsikia akiutoa.

Sikulichoma. Nilifanya ujinga mwingine: nililificha jikoni, chini ya rundo la magazeti ya zamani, nikajitia hamnazo siku nne. Siku ya tano mke wangu alitaka kuwasha jiko la mkaa, akachukua gazeti la juu, likaisha, la pili likaisha, akafika kwenye daftari. Alichana ukurasa. Bahati, huyu mama ni msomaji. Hata karatasi ya kufungia sukari anaisoma kwanza.

Nilikuwa sebuleni nasikia kimya. Kimya cha jikoni saa ya kupika ni jambo baya.

"Baba watoto, hebu njoo."

Nikaenda.

"Nisomee hapa, macho yangu leo hayaoni vizuri."

Macho yake yalikuwa yanaona vizuri mno. Nikasoma: "Saa moja. Umezimwa kwa amri ya shemeji. Saa mbili. Umezimwa kwa amri ya shemeji. Saa tatu. Umezimwa kwa amri ya..."

"Endelea."

"Ni hivyo hivyo mpaka chini."

"Na ukurasa wa pili?"

"Na wa pili."

"Na daftari zima," akasema. Akafunga mikono kifuani. "Sasa mimi najiuliza, huyu kaka yangu ana mashemeji wangapi?"

"Mama watoto..."

"Maana dada yake niko mmoja. Na nimeolewa mara moja, labda kama kuna harusi nyingine nilifungishwa nimelala."

Nilijaribu kucheka. Hakucheka. Alikwenda sebuleni, akaishusha kalenda ukutani, akarudi, akaichana katikati ya vidole vya ule mkono wangu wa pichani, akawashia jiko. Akasema tu, "Kumbe inafaa."

Kesho yake nilipiga moyo konde nikaingia kwa Meneja, kwapa moja daftari, jingine tuzo.

"Vipi, kioo kimepasuka?" akauliza.

"Nairudisha. Niliuzima mimi, na ushahidi huu hapa, kila saa ya miezi mitano. Naomba Kibiriti arudishwe kazini na ile barua ifutwe."

Meneja alifungua daftari kurasa mbili, akalifunga taratibu kama mtu aliyekuta mende ndani. "Siku ile mimi nilikuwa wapi?"

"Kushoto kwangu. Na kipaza sauti."

"Basi hukuzima wewe. Tulizima. Na kalenda elfu mbili ziko mtaani, moja iko ofisi ya mkubwa wangu, nyuma ya kiti chake. Unataka nimwambie nini? Ageuze kiti?"

"Mwambie tulikosea."

Akaniangalia kwa huruma, kama ninayeumwa. Kisha uso wake ukang'aa, nami nikaujua ule mng'ao: ameshaona sherehe. "Sikiliza. Tutauwasha moto. Tutauzindua kama mradi mpya. Watu wale wale, viti vile vile. Na wewe ndiye utakayeuwasha. Mkono ule ule! Unaonaje?"

"Na Kibiriti?"

"Lazima kuwe na mzembe, ndugu yangu. Bila mzembe, sisi ndio wazembe."

"Basi nitasema mbele ya watu."

Alicheka mpaka akapanguza macho. "Wewe? Katika watu wote, wewe? Sema tu. Watavunjika mbavu."

Sikumwamini. Nilipaswa kumwamini, huyu ni mtu anayejua hadhira.

Siku ya sherehe ilikuwa ya upepo. Viti vilijaa, Mwalimu alikuwa mstari wa mbele na miwani yake, Mama Kipimo alisimama pembeni na kidude chake. Kwenye mgongo wa kiti cha mgeni rasmi ilitundikwa kalenda. Nikatazama nyuma ya uzio: mke wangu alikuwa amesimama nje, na kando yake, baada ya kuvutwa kwa mkono bila shaka, alikuwa kaka yake.

Nikapewa kipaza sauti. Nikajikaza kisabuni.

"Jamani," nikasema, "ule moto niliuzima mimi, na nilikosea. Kwa miezi mitano hili dampo limekuwa likiifunika dunia blanketi, na mimi mliyenisifu ndiye niliyelileta."

Kicheko. Kicheko cha kweli, cha kupiga mapaja. Yule mama wa machozi alikuwa anafuta machozi mengine. "Huyu baba!" mtu akasema. "Hawezi kuongea dakika moja bila vituko!"

"Sitanii."

Wakazidi. Miaka yote nimewazoesha kwamba nikisema "sitanii" ndipo utani unaanza. Nani wa kumlaumu?

Nikafungua daftari. Nikasoma. "Tarehe tatu, saa moja asubuhi. Umezimwa kwa amri ya shemeji. Saa mbili. Umezimwa kwa amri ya shemeji." Walicheka saa mbili, wakacheka saa tatu. "Saa nne. Umezimwa kwa amri ya shemeji. Upepo mdogo, ungewaka vizuri. Saa tano. Umezimwa kwa amri ya shemeji." Kufika saa sita walikuwa wanacheka watu wawili tu. Saa saba nikasikia malori kwenye mizani. Nikaeleza shemeji ni nani, na amri ilikuwa ya nani, na kwamba aliyeandika mistari hii amefukuzwa kwa uzembe. Mwalimu alivua miwani, akaiangalia kama ndiyo iliyomdanganya.

"Na swali lililoanzisha haya lilikuwa langu," akasema, lakini kwa sauti ya chini, akiiambia miwani.

Meneja alininyang'anya kipaza sauti. "Tunamshukuru mchekeshaji wetu! Sasa, bila kupoteza muda, tuwashe!"

Nikachukua fimbo. Funga koki, fungua robo, hesabu mpaka kumi. Nilijua kuhesabu; nilichosahau ni upepo unatokea wapi. Tambara likazimika. Nikawasha tena, nikahesabu tena, safari hii nadhani nilipitiliza, kukatokea mlio wa "buu", na nikarudi nyuma bila nyusi ya kushoto. Moto haukushika. Fundi wa mizani akajaribu, haukushika. Dereva mmoja wa lori akajaribu kwa mbwembwe, akaishia kuchoma kofia yake. Kile kidude cha manjano kilikuwa kinapiga kelele bila kupumzika.

"Hivi hapa hakuna mtu anayejua kuuwasha?" akauliza Mama Kipimo. "Mimi ripoti yangu naifunga saa kumi."

Vichwa vyote viligeukia kwenye uzio.

Kibiriti alishika waya kwa mikono miwili. Hakupandisha sauti, lakini upepo ulituletea kila neno. "Kuwasha naweza. Lakini nina barua inayosema mimi ni mzembe na nisikanyage humo ndani. Aliyeisaini yuko hapo mbele. Aniite mwenyewe, nitaingia."

Mke wangu aliongeza, "Na amwite kwa sauti, kaka yangu hasikii vizuri upande wa mameneja."

Hakuna aliyecheka. Nilimrudishia Meneja kipaza sauti, nikamwekea kabisa kiganjani.

"Bosi, nakuomba. Mwite."

Meneja alikiangalia kipaza sauti. Akaiangalia kalenda, akamwangalia mpiga picha, akarekebisha kola ya shati lake iliyokuwa haina kasoro. Saa ya Mama Kipimo ilionyesha kumi kasorobo. Juu ya bomba hakukuwa na kitu cha kuonekana, na hicho kitu kisichoonekana kiliendelea kutoka, taratibu, kikienda zake kutufunika.

"Bosi," nikasema tena, "si lazima hotuba. Mwite tu jina. Hata hilo la Kibiriti litatosha."